Mgongo wa Mukai

Muindi alikuwa ameandika majina ya maduka mjini Machakos kwa zaidi ya miaka ishirini. Bucha, kinyozi, duka la dawa, chuo cha kupiga taipu, yote yalipita mkononi mwake, na mtu akishuka stendi na kutazama juu ya milango alikuwa akisoma mwandiko wake bila kujua. Rangi iliyobaki kwenye mikebe hakuitupa. Aliipeleka nyumbani, vyumba viwili nyuma ya soko, akachora nayo juu ya vipande vya mbao na magunia ya unga aliyoyawamba kwenye fremu. Alichora mambo ya kila siku: jiko lenye sufuria, kamba ya nguo, mlango ulio wazi saa ya jua la utosi, mwanamke anayepepeta mahindi. Mwanamke huyo alikuwa mke wake, Mukai, aliyefariki mwaka wa 1994.

Picha hizo zilikaa chini ya kitanda hadi Juni mwaka wa 2002, alipotokea Rodgers. Rodgers alikuwa kijana aliyesimamia maonyesho ya sanaa Nairobi. Alikuja Machakos kwa harusi, gari likamharibikia mbele ya saluni ambayo Muindi alikuwa akiiandika jina, wakaanza kuongea. Kabla fundi hajalimaliza gari, Rodgers alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya Muindi akizitoa picha moja moja na kuzipangusa vumbi kwa shati lake la harusi. Baada ya hapo alirudi mara mbili. Mara ya mwisho, Jumamosi moja ya Agosti, alikuja kuchagua za kupeleka Nairobi, na Carol naye alikuwepo.

Carol alikuwa mtoto wa pekee wa Muindi na Mukai. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akishona mashati katika kiwanda kimoja cha Athi River na kupanga chumba Mlolongo. Alikuja kumsaidia baba yake kufagia ili mgeni wa Nairobi asikute uchafu.

Rodgers alizisimamisha picha kumi na moja ukutani, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Mzee, unaona?" akasema. "Katika zote hizi mama ametupa mgongo. Hakuna hata moja yenye uso. Mtu akitazama hajui kama analia, anacheka, ama anafikiria tu chumvi imeisha. Hapo ndipo picha inapomshika mtu."

"Ndivyo ninavyomkumbuka," Muindi akasema. Alikuwa ameinama akirekebisha kona ya fremu moja iliyolegea.

"Nimepata hata jina la maonyesho. *Siri ya Mwanamke*. Unaonaje?"

"Haya, tutaangalia," Muindi akasema, msumari ukiwa kati ya midomo yake.

"Jina linamfaa," Carol akasema kutoka upande wa jiko. "Mama alikuwa mtu wa siri."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja kimo cha mtu mwingine, jambo linalojulikana na kila mmoja. Rodgers akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kila mmoja alijua kwa sababu Muindi mwenyewe ndiye aliyetangaza. Mukai alikufa kwa saratani ya titi. Walipomfikisha hospitalini mwishoni mwa mwaka wa 1993, daktari alimvuta Muindi kando na kumuuliza walikuwa wapi muda wote huo. Muindi hakuwa na jibu. Miezi minne baadaye, siku ya maziko kule kijijini kwa Muindi karibu na Mitaboni, alipopewa nafasi ya kusema kama mume, alisimama kando ya jeneza akasema maneno machache. Alisema mke wake alikuwa mchapakazi na hakuwahi kumvunjia heshima. Kisha akasema, "Lakini alinificha. Alijua ana ugonjwa, akanificha. Angeniambia, leo tungekuwa naye." Wanawake walilia. Watu waliondoka na maneno hayo, yakawa ndiyo habari ya kifo cha Mukai kila ilipotajwa. Carol alikuwa kidato cha pili wakati huo. Aliyabeba maneno hayo akarudi nayo shuleni, na tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga tena kwenye kaburi la mama yake.

Rodgers alipoondoka, Carol alikaa kitandani akazitazama picha zile.

"Baba, kwani uso wake huukumbuki?"

"Naukumbuka."

"Basi nichoree. Mmoja tu. Iliyobaki ni ile picha ya kitambulisho pekee, na pale anaonekana kama mtu ameshikwa na polisi."

Muindi akamwahidi.

Alijaribu kwa wiki mbili. Aliweka kitambulisho cha Mukai mbele yake, lakini picha ile ndogo ilikuwa imekwaruzika, na macho yake yalimkodolea mpiga picha wa serikali, hayakumtazama yeye. Kila alipochora uso, uligeuka kuwa wa mtu mwingine. Mara ukawa wa Carol. Mara ukawa wa yule mwanamke wa kwenye tangazo la sabuni alilolichora ukutani mwaka wa themanini na saba. Akafuta, akaanza upya, akafuta tena. Shingo ya Mukai aliijua. Alijua kovu dogo nyuma ya sikio, alijua jinsi fundo la kitambaa chake cha kichwa lilivyolegea ikifika saa kumi. Alijua uzito ulihamia mguu gani akisimama muda mrefu. Uso hakuujua, na kukiri hivyo mbele ya ubao mtupu kulimwogopesha.

Ndipo akamkumbuka Dahabo.

Dahabo alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa msikiti. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa mifugo, Wasomali waliohamia Machakos zamani, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini na kuongea Kikamba kuwazidi watoto wengi wa Wakamba waliokulia Nairobi. Mukai alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka hilo kwa miaka saba. Mteja alinunua kitambaa ndani, akakitoa nje kwa Mukai akashonewa. Wanawake hao wawili walishinda pamoja kutwa, siku sita kwa wiki. Lakini tangu maziko, Dahabo hakuwa amemsalimu Muindi. Wakipishana sokoni aligeuza uso. Muindi alidhani ni huzuni, baadaye akadhani ni mambo ya dini, mwishowe akaacha kudhani.

Alimkuta akikunja mashuka.

"Hujambo, Mama Abdilatif."

"Unataka kitambaa gani?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kuuliza juu ya Mukai."

Mikono ya Dahabo haikusimama. "Miaka minane," akasema.

"Najua."

"Haya, uliza."

Muindi akamweleza habari ya picha, ombi la Carol, na jinsi mkono wake ulivyoshindwa. Alipomaliza, Dahabo aliliweka shuka juu ya meza.

"Wewe ndiye ulikuwa ukiamka naye nyumba moja. Unakuja kuniuliza mimi uso wake?"

Muindi aliinamisha kichwa. Labda hilo lilimlainisha Dahabo kidogo, kwa maana aliketi kwenye kigoda na kuanza kusema, akitazama nje kwenye baraza ambako sasa palikuwa na mwanasesere wa dukani aliyevishwa dera.

"Akiwa anashona alikuwa anakunja mdomo upande mmoja, hivi. Akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya ule mwanya. Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Ukimwambia jambo la kushangaza, hilo dogo ndilo linafunguka kwanza." Akagusa jicho lake la kushoto. "Hukujua?"

"Mwanya niliujua."

"Mimi nilifikiri siku ukija hapa utakuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa yale uliyosema kaburini. Ulisema alikuficha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wale akina mama wa kanisa, nikasikia kwa masikio yangu. Nikamwambia Abdilatif twende. Sikuweza kusimama hapo na uongo ule."

"Haukuwa uongo. Alinificha. Hata daktari aliniuliza, sikuwa na la kumjibu."

"Alikwambia, Baba Carol."

Mteja aliingia, akauliza bei ya leso, Dahabo akamjibu kwa vidole, mteja akatoka.

"Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka ule wa uchaguzi," Dahabo akaendelea. "Tisini na mbili. Alinivuta hapa nyuma ya pazia akanionyesha. Kivimbe kama mbegu ya parachichi. Nikamwambia, leo leo mwambie mume wako, twende Nairobi, dada yangu yuko Eastleigh, tutafikia kwake. Kesho yake akaja, akakaa kwenye cherehani. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema, nimemwambia. Amesema nini? Akasema, 'Amesema haya, tutaangalia.'"

Muindi akashika meza. Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yake, hakuna mtu mwingine mjini aliyeyasema hivyo.

"Nikamwambia twende bila yeye. Akakataa. Akasema nikienda peke yangu itaonekana simwamini. Tukangoja. Baada ya mwezi nikamuuliza, mbona kimya? Mkumbushe. Akaniambia, 'Dahabo, siwezi kumwambia mara mbili. Mtu huambiwa jambo kama hilo mara moja.' Hakulitaja tena, na mimi akanikataza kulitaja. Mpaka kile kivimbe kikapasuka."

"Sikusikia," Muindi akasema.

Dahabo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nilikuwa nachora," Muindi akasema. "Nikichora huwa najibu tu. Sikusikia."

"Miaka yote hii nilijua ulisikia ukapuuza."

"Sikusikia."

"Basi," Dahabo akasema polepole, "sijui lipi ni baya kuliko lingine."

Muindi alienda nyumbani mchana ule ule, akafunga mlango. Nyuma ya kila picha alikuwa na desturi ya kuandika mwezi na mwaka kwa penseli, kama alivyoandika tarehe nyuma ya mabango ya wateja. Akazigeuza zote. Tatu zilikuwa za mwaka wa tisini na mbili. Moja ilikuwa ya Agosti.

Ilikuwa picha ya mlango wa nyumba hiyo hiyo. Mwanga unaingia kutoka uani, na Mukai amesimama kwenye kizingiti kama mtu anayetoka, ama mtu aliyekwisha toka akasita. Mkono wa kulia umeshika fremu ya mlango. Wa kushoto umekunjwa mbele yake na hauonekani. Alipoichora alijua kwamba mkono ule umeshika beseni. Au alidhani. Sasa aliisogeza karibu na dirisha, akatafuta ukingo wa beseni, akatafuta hata doa la buluu ambalo lingekuwa beseni, na halikuwepo. Palikuwa na kiwiko tu, na kitambaa cha gauni kilichovutwa mbele.

Huenda ilikuwa siku hiyo. Huenda alikuwa amesimama pale, mkono kifuani, akisema, na mwanamume aliyekuwa nyuma yake akahangaika kupata rangi ya mwanga wa uani. Na huenda haikuwa siku hiyo kabisa, alikuwa anakwenda kuanika nguo. Muindi alijaribu kukumbuka sauti. Alipata harufu ya tapentaini, akapata joto la bati, akakumbuka hata kwamba brashi yake ilikuwa ikimwaga nywele. Sauti hakuipata. Akakaa sakafuni, akalia jinsi ambavyo hakulia siku ya maziko, kwa sababu siku ile alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Jumapili iliyofuata alienda Mlolongo. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mizani ya kupimia malori, na vumbi la machimbo lilikuwa limekaa juu ya nguo zote zilizoanikwa. Carol alikuwa amesukwa nusu ya kichwa, na jirani aliyekuwa akimsuka alikuwa amekwenda kutafuta nyuzi zaidi.

"Sasa, Baba. Mbona hukunipigia? Ningepika."

"Kaa chini."

"Kuna nini? Ni Susu?" Alimaanisha nyanya yake, mama ya Mukai.

"Susu ni mzima."

Akamwambia yote kama Dahabo alivyomwambia, hakuruka neno. Hakujitetea. Carol alisikiliza akiwa ameshika kitana kwa mikono miwili. Baba yake alipofika kwenye yale maneno, haya, tutaangalia, Carol alifumba macho.

"Ulisikia ukasahau, ama hukusikia?" akauliza baadaye.

"Sijui."

"Usiniambie hujui."

"Carol, nimetafuta. Kama ningeikumbuka ningekwambia. Sikumbuki nikisikia. Lakini nilijibu. Mtu anajibu kitu gani ambacho hakukisikia?"

Jirani alirudi na nyuzi, akaona nyuso zao, akasema atakuja baadaye.

"Unajua mimi nilimwambia nini?" Carol akasema. "Siku zile za mwisho, nikiwa nimetoka shule. Nilimwambia, Mama, wewe ni mbinafsi. Kwa sababu ulikuwa umeshaniambia alituficha. Aliniangalia tu. Alikuwa na nafasi ya kusema, 'Nilimwambia baba yako.' Hakusema."

"Alikuwa ananistahi."

"Alikuwa amechoka."

Nje lori lilipiga honi ndefu, na watoto wa ploti ile ya nyumba za kupanga wakaiga.

"Miaka minane nimemkasirikia asiye na hatia," Carol akasema. "Wewe nilikuwa nakuonea huruma." Alifuta uso kwa kiganja. "Ile picha ya mlango usiipeleke Nairobi. Hiyo ni yangu. Na ule uso niliokuomba, wacha. Usichore tena."

"Sawa."

"Na uende kwa Susu. Yeye ulimwambia ni mtoto wake aliyejiua kwa kunyamaza. Umwambie mwenyewe, si kwa simu, si kupitia mtu."

Carol hakumsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwahi kuliacha.

Siku iliyofuata Muindi alimpigia Rodgers kutoka kwenye kibanda cha simu karibu na posta. Alimwambia picha moja imetoka, na jina la maonyesho lazima libadilike, kwa sababu hapakuwa na siri yoyote. Rodgers alisikitika kwa dhati. Alisema kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa na kutumwa, na bango lilikuwa limeshapandishwa. Muindi akamuuliza kama hawawezi kulipaka rangi waandike upya, akasema angeenda kulifanya mwenyewe, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Rodgers akacheka kidogo, halafu akaona mzee hatanii. Alisema angeona la kufanya. Mwishowe hakuna lililofanyika. Picha kumi zilitundikwa Nairobi kwa wiki tatu chini ya jina lile, watu wakasimama mbele yake wakajiuliza mwanamke yule anaficha nini, na Muindi hakwenda kuziona.

Kwa mama mkwe wake alikwenda mwanzoni mwa Oktoba. Nthambi alikuwa amepita miaka sabini na mitano, akikaa na mwanawe Wambua upande wa pili wa bonde kutoka kwa akina Muindi, na kutoka hapo kaburi la Mukai lilionekana kama doa jeupe. Kwa desturi ya Wakamba mkwe na mama mkwe hukaa kwa nthoni, haya ile ya heshima inayowafanya wasikaribiane wala kutazamana usoni. Kwa miaka ishirini na mitano Muindi alikuwa amesalimiana na kanga ya Nthambi, na fimbo yake, na kivuli chake. Siku hiyo pia aliketi mbali, uso ameuelekeza kwenye zizi la mbuzi, akasema aliyokuja kusema.

Nthambi hakumkatiza. Alipomaliza, kuku walikuwa wamerudi kudonoa karibu na miguu yao.

"Mwanangu alikwambia," Nthambi akasema.

"Ndiyo, mwaitu," Muindi akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na wewe ukasimama mbele ya watu ukasema hakukwambia."

"Ndiyo."

"Nitazame."

Muindi hakujua kama amesikia sawasawa.

"Nitazame, Muindi. Mimi ni mzee, nthoni ya nini tena. Nataka nione kama unasema kweli."

Akageuza kichwa, akamtazama. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Mdomo ulikuwa umekunjwa upande mmoja, kama wa mtu anayeangalia mshono. Hakuweza kuvumilia kwa muda mrefu, akainamisha uso.

"Ulisema mbele ya watu," Nthambi akasema. "Sasa umekuja kuniambia mimi peke yangu, hapa kwa kuku. Hayo hayatoshi. Rudi pale pale ulipoyasemea."

Siku iliwekwa, Jumamosi ya tatu ya mwezi huo. Watu wapatao thelathini walifika kwenye kaburi: jamaa za Muindi, jamaa za Mukai, majirani waliodhani ni ibada ya ukumbusho, akina mama wawili watatu wa kanisa. Dahabo alikuja na mwanawe Abdilatif, akasimama pale pale nyuma alipokuwa amesimama mara ya kwanza. Carol alikuja asubuhi. Alimsalimu baba yake kwa mkono, kama mgeni, akaenda kuketi karibu na Susu wake.

Muindi alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini hakuitoa mfukoni.

"Mwaka wa tisini na nne nilisimama hapa nikasema Mukai alinificha ugonjwa," akasema. "Hakunificha. Aliniambia nyumbani, kwa mdomo wake, mapema, wakati bado angeweza kutibiwa. Nilimjibu bila kumsikiliza. Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Nilipomzika nikamtupia kosa ambalo ni langu, naye hakuwa na njia ya kujibu. Nimekuja kuliondoa kwake."

Wambua, kaka yake Mukai, alikuwa amesimama karibu na msalaba. "Na hayo yatamrudisha?" akauliza.

"Hapana."

"Miaka minane nimewaambia wake zetu, msiwe kama Mukai, msifiche. Nimemtajia hata binti yangu jina la dada yangu kama onyo." Aliutazama msalaba. "Hata binti yangu."

Wambua alivaa kofia yake, akashuka bondeni bila kungoja maombi wala chai. Mzee mmoja wa kanisa alisema basi tuombe, wakaomba, lakini kila mtu aliendelea kusikia hatua za Wambua kwenye changarawe mpaka zilipopotea.

Wakati wa chai Dahabo alikwenda kwa Nthambi, akapiga magoti, wakaongea Kikamba kwa muda. Carol alikaa kati yao. Aliuliza maswali, na Dahabo akamwonyesha kwa mikono jinsi mama yake alivyokuwa akizungusha gurudumu la cherehani, jinsi alivyowatania wateja waliotaka nguo za kubana wakati mwili umeongezeka. Nthambi alicheka, halafu akalia, halafu akaomba chai zaidi. Muindi aliwapelekea chai, akaondoka.

Carol alirudi Mlolongo jioni hiyo na gari la Abdilatif. Picha ya mlango, aliyoletewa na baba yake, alikuwa ameifunga kwa shuka. Kabla hajapanda alimwambia baba yake kwamba alikuwa na zamu mwezi mzima, na kwamba angekuja Desemba, lakini angefikia kwa Susu. Muindi akasema sawa. Hakumwomba zaidi.

Muindi alilala pale nyumbani kwao Mitaboni. Asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa Kathiani, alichukua jembe akaenda kaburini, kwa sababu jana aliona majani yamepanda hadi kwenye simiti na kwa miaka mingi alikuwa akiwaachia wengine kazi hiyo. Alimkuta Wambua ameshafika. Alikuwa ameinama upande wa kichwa cha kaburi, jembe mkononi, sururu kando yake, shati limelowa mgongoni, na rundo la majani lilionyesha amekuwepo muda mrefu.

Muindi alisimama, akafikiria kurudi. Kisha akaanza kulima upande wa miguuni. Hawakusalimiana. Walifanya kazi wakisogeleana kidogo kidogo, kila mmoja akitupa majani upande wake. Mbuzi wa mtu walipita. Ilipofika saa nne, jua likiwa kali, Wambua alinyoosha mgongo, akatazama ardhi iliyobaki kati yao.

"Tumalize hapa," akasema, "halafu tuchimbe mfereji wa maji. Mvua iko karibu."

Muindi akasema ndiyo, akamsogezea sururu.